Namna ya kumpima kwotabeki wa spredi: anza na macho, mkono baadaye

Katika futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi na kuurusha mpira. Ukitaka kumjua yule wa spredi, yaani mtindo wa kuwatawanya wachezaji uwanjani, mtazame zile sekunde kumi kabla hajapewa mpira. Wengi tunafuata mpira unakokwenda, na kwa kuwa mkono wenye nguvu unaonekana hata na aliyekaa mbali jukwaani, tunadhani ndio unaoshinda mechi. Mimi hupiga video za timu ya sekondari ya mwanangu hapa kaskazini mwa Texas, nikiwa juu ya mnara nyuma ya milingoti, na Jumamosi nakaa na daftari mbele ya televisheni kutazama vyuo. Kutoka nyuma ya milingoti urefu wa pasi huuoni vizuri. Unachoona ni kofia ya kwotabeki ikigeuka, mabega ya mlinzi, na miguu. Kazi yenyewe imo humo.

Nawaandikia wazazi wenzangu wanaonivuta pembeni kwenye harusi na kuniuliza, "Dada, huyu wetu ana kitu kweli?" Na nawaandikia pia wasio na mtoto uwanjani, waliochoka kushangilia kwa kuwa tu jirani ameshangilia.

Spredi kwa ufupi

Uwanja wa futiboli ya Kimarekani una upana wa yadi 53 na theluthi moja, kama mita 49 hivi. Mitindo ya zamani iliwarundika watu katikati, wakasukumana. Spredi inawatawanya: wapokeaji wanne, wakati mwingine watano, wanapelekwa mbali kuelekea mistari ya pembeni, na kwotabeki anasimama kama yadi 5 nyuma ya senta, yule anayeuanzisha mpira, anarushiwa mpira badala ya kuupokea mkononi. Walinzi hawana budi kuwafuata wapokeaji, na katikati panapungua watu.

Mtindo huu una koo mbili. Ukoo mmoja ni wa mbio: kocha Rich Rodriguez aliuanzisha miaka ya 1990 katika chuo kidogo cha Glenville State, West Virginia, kisha akaupeleka Tulane, Clemson na West Virginia yenyewe, alikokuwa na kwotabeki Pat White. Ukoo wa pili ni wa pasi: makocha Hal Mumme na Mike Leach, kutoka Iowa Wesleyan hadi Kentucky, kisha Leach peke yake Texas Tech kuanzia mwaka 2000. Siku hizi karibu kila chuo kina damu ya koo zote mbili, kwa hiyo kwotabeki anatakiwa ajue lugha za pande zote.

Ahesabu kabla ya mpira kutoka

Hesabu ya kwanza ni ya boksi, yaani lile eneo la katikati mbele ya watu wetu watano wa mstari wa mbele, pamoja na yadi chache nyuma yake. Walinzi wako watano humo? Mpira ukimbizwe, hakuna mjadala. Wako sita? Watano wetu wanawazuia watano, na wa sita anaachwa makusudi bila kuguswa. Huyo ni mali ya kwotabeki, atamshinda kwa kumsoma, nitaeleza hapo chini. Wako saba? Basi kuna mahali huko nje ambapo mlinzi amepungua, na mpira uende huko haraka, hata kama ni kwa pasi ya yadi 2.

Hesabu ya pili ni ya masefti, wale walinzi wa nyuma kabisa. Mmoja katikati, au wawili, kila mmoja na upande wake? Akiwa mmoja, kandokando kuna nafasi ya pasi ndefu. Wakiwa wawili, maana yake wametolewa kwenye boksi, na mbio zina faida. Tatizo ni kwamba walinzi wazuri hudanganya. Wanasimama wawili, mpira ukitoka tu mmoja anashuka mbio. Ndiyo maana kijana mzuri huhesabu mara mbili: akiwa amesimama, kisha tena mpira ukiwa njiani kuja kwake. Ukitazama picha ya nyuma ya milingoti utaiona kofia ikiinuka kidogo kumtafuta sefti kabla ya kitu kingine chochote. Kijana ambaye kofia yake haiinuki kabisa ameshaamua atamrushia nani tangu benchi.

Halafu kuna uwanja wenyewe. Katika vyuo, alama za katikati zinazoonyesha mpira uanzie wapi ziko mbali, futi 40 baina yake. NFL, ligi ya kulipwa, ni futi 18 na nusu tu. Mpira ukianzia alama ya kushoto, upande mmoja una yadi 20 hadi mstari wa nje, na wa pili una zaidi ya yadi 33. Walinzi 11 hawawezi kuufunika upande huo mpana vizuri. Lakini kurusha huko nako kuna gharama: pasi ya kuelekea mstari wa nje wa mbali, ambayo inaipatia timu yadi 10, mpira wake unasafiri zaidi ya yadi 30 hewani. Hapa ndipo nguvu ya mkono inapohesabika kweli. Kama kijana hawezi kuufikisha mpira huo kabla ya kona, yaani mlinzi wa pembeni, kufika, kocha wake atalazimika kufuta kurasa kadhaa za mpango wa mechi, na walinzi wakijua hivyo wanauacha upande mpana na kujazana katikati.

Kuanzia mwaka 2024 makocha wa vyuo vikubwa wanaruhusiwa kuongea na mchezaji mmoja kupitia redio ndani ya kofia. Kabla ya hapo ilikuwa ishara za mikono na yale mabango makubwa yenye picha za ajabu. Redio inakatika saa ya kuanzisha mpira ikionyesha sekunde 15. Katika sekunde hizo kijana yuko peke yake. Hapo anatakiwa awe ameshawapanga wenzake, ameona kama mpokeaji amesimama pasipo pake, amehesabu boksi, na kama kuna haja amebadilisha upande. Na timu nyingi za spredi hucheza haraka makusudi, hawakai kwenye mduara kujadili. Sauti ndogo haifai kazi hii. Si lazima apayuke, ila wale watano wa mbele wamsikie hata watu 80,000 wakipiga kelele.

Kisha amtazame mtu mmoja

Kuna simulizi maarufu kuhusu Glenville State. Mazoezini, kwotabeki wa Rodriguez alishindwa kumkabidhi mkimbiaji mpira vizuri. Badala ya kujilaza, alimwona mlinzi wa ukingoni, endi, ameshamkimbilia yule mkimbiaji, naye akachomoka na mpira kupitia pale endi alipotoka. Kocha akamuuliza kwa nini amefanya vile. Kijana akajibu kwa kueleza alichokiona, na mchezo ambao leo kila sekondari ya Texas inaucheza ukazaliwa.

Unafanyika hivi. Mkimbiaji anapita mbele ya kwotabeki, na kwotabeki anamwekea mpira tumboni bila kuuachia. Macho yake hayako kwa mkimbiaji wala kwenye mpira. Yako kwa endi aliyeachwa bila kuzuiwa. Mabega ya endi yakigeukia ndani kumfuata mkimbiaji, mpira unachomolewa na kwotabeki anatoka nao nje. Mabega yakibaki yametazama mbele, mkimbiaji anaachiwa. Uamuzi wote ni chini ya sekunde moja, huku mikono ya watu wawili ikiwa kwenye mpira mmoja. Anayesitasita huangusha mpira, na hilo ni kosa baya kuliko kuchagua vibaya. Mimi nikipima, kijana aliyechagua vibaya lakini kwa haraka na kwa uhakika namsamehe. Anayeng'ang'aniana na mkimbiaji simsamehi.

Walinzi nao wana akili. Wanamtuma endi aingie ndani makusudi ili kijana abaki na mpira, kumbe lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele, amezunguka kwa nyuma na anamsubiri huko nje. Mwenye kipaji cha kawaida atakwenda kugongwa mara tatu. Mzuri akigongwa mara moja, anarudi benchi na kusema, "Endi akiingia, lainibeka anatoka." Maneno manne tu. Kocha sasa anajua wa kumzuia ni nani, na kabla ya mapumziko mtego huo umewageukia walioutega.

Ndugu yake mchezo huu ni RPO, ambapo kwotabeki anachagua kati ya kukimbiza na kurusha mpira ukiwa tayari mkononi. Watano wetu wanazuia kana kwamba ni mbio. Kwotabeki anamwekea mkimbiaji mpira tumboni, na safari hii anamtazama lainibeka. Lainibeka akipanda mbele, nyuma yake panabaki tundu, na mpira unarushwa humo kwa mpokeaji anayekata kuingia ndani. Akibaki nyuma, mkimbiaji aende zake. Sheria ya vyuo inawaruhusu wale watano kusogea hadi yadi 3 mbele kabla ya pasi. NFL inawapa yadi 1. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayompa kwotabeki wa chuo nafasi ya kuuweka mpira tumboni kitambo kidogo zaidi, na ndiyo sababu vijana wengine waliong'ara chuoni hujikuta wameishiwa na majibu wakifika NFL. Lakini hilo ni suala la mkataba wao wa baadaye, wala si kipimo chetu hapa.

Autoe mpira

Nilipocheza netiboli shuleni Tanga, nafasi ya senta, sheria haikuturuhusu kukaa na mpira zaidi ya sekunde 3, na mwalimu wetu alitaka ujue utampa nani kabla haujakufikia. Kwotabeki wa spredi anaishi hivyohivyo, ila kwake anayemkumbusha muda ni jitu la kilo 120.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya ubora wake inachosha kutazama. Pasi ya yadi 4 pembeni. Nyingine tena. Kijana mwenye mkono mkali huichukia pasi hii kwa kuwa haiingii kwenye video za kujitangaza, naye hungoja mpokeaji wa mbali afunguke, mwisho analala chini na mpira. Ukimwona anatoa pasi fupi ileile mara nne mfululizo kwa sababu walinzi wameiacha wazi mara nne, bila kuona aibu, huyo mwekee alama ya vema.

Halafu angalia mpira unamfikia wapi mpokeaji. Pasi ya yadi 5 ikimkuta mbele ya kifua akiwa mbioni, inakuwa yadi 12. Ikimkuta nyuma ya nyonga, akasimama na kujipinda, inabaki 5, na kitabu cha takwimu kinaandika zote mbili sawa: imekamilika. Kwotabeki Colt McCoy alipokuwa Chuo Kikuu cha Texas mwaka 2008 alikamilisha asilimia 76.7 ya pasi zake, rekodi ya vyuo wakati ule, na ukirudia kanda zake utaona ni mara chache mpokeaji wake alilazimika kurudi nyuma kuutafuta mpira.

Mwaka huohuo, Novemba 1, Texas hiyo ya McCoy ilikuwa namba moja nchini ilipokwenda Lubbock kucheza na Texas Tech ya Leach. Tech wako nyuma kwa pointi 1, sekunde zinayoyoma. Wapokeaji wanne wanakimbia moja kwa moja mbele. Graham Harrell, kwotabeki wa Tech, anaona walinzi wamemzonga mpokeaji Michael Crabtree pembeni kulia, wamejiandaa kwa mpira wa mbele yake, naye anaurusha begani kwa nyuma, upande wa mstari, mahali ambapo Crabtree peke yake angeweza kugeuka na kuudaka. Crabtree anajinasua, anaingia, imebaki sekunde 1. Ikaisha 39-33. Harrell hakuchaguliwa na timu hata moja kwenye drafti ya NFL iliyofuata, yaani uteuzi wa wachezaji wapya. Kwa kazi ya spredi ya chuo, sijaona pasi iliyofikiriwa vizuri kuliko ile.

Anayeamini kwamba mkono ndio kila kitu amtazame Joe Burrow. Mwaka 2018 pale LSU, chuo cha Louisiana, alikamilisha asilimia 57.8 na pasi 16 za tachidauni, yaani za kufunga. Mwaka 2019 chuo kikabadilisha mashambulizi, wakaanza kutawanya wapokeaji watano, na Burrow akamaliza na asilimia 76.3, tachidauni 60, ushindi wa mechi 15 kati ya 15. Mkono haubadiliki hivyo katika miezi michache. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila mlinzi alionekana waziwazi, na yeye alijua kuhesabu. (Kuwa na wapokeaji kama Ja'Marr Chase na Justin Jefferson nako kulisaidia, tusidanganyane.)

Miguu

Si lazima awe na mbio za kutisha. Kinachotakiwa ni kwamba endi amwogope kiasi cha kusitasita. Yadi 6 pale walipomwacha zinatosha.

Kuna usiku ambapo miguu inakuwa ndiyo yote, kama Januari 4, 2006 kule Pasadena, fainali ya Texas na USC, chuo cha Southern California. Dauni ya nne, yaani jaribio la mwisho, zinatakiwa yadi 5, mpira uko karibu na mstari wa kufunga, zimebaki sekunde chache. Vince Young, kwotabeki wa Texas, alirudi nyuma kurusha, akatazama, hakuona mtu, akaondoka kulia hadi kwenye kona ya uwanja. 41-38. Wengi hukumbuka mbio. Mimi hupenda jinsi alivyoacha kutafuta pasi mapema, kabla ya kuzingirwa.

Upande wa pili, Januari 2010, McCoy alikimbia na mpira mwanzoni kabisa mwa fainali dhidi ya Alabama, akagongwa begani, hakurudi tena, na Texas ikafungwa 37-21. Kwa hiyo tazama kijana anamalizaje mbio zake. Anajiteleza chini kabla ya kugongwa? Anatoka nje ya mstari? Au anainamisha kichwa kumtafuta mlinzi ili jukwaa lipige kelele? Mzazi wa huyo wa mwisho namwambia ukweli bila kupamba: mwambie mwanao aache, leo.

Daftari langu

Kila mara mpira unapoanzishwa naandika mambo matatu: boksi lilikuwa na wangapi, mpira ulikwenda wapi, na kama ulipaswa kwenda huko. Matokeo siyajali. Pasi sahihi iliyogonga mikono ya mpokeaji ikadakwa na adui ni vema kwake. Pasi ya kipumbavu katikati ya walinzi watatu iliyookolewa kwa bahati ni kosa, hata kama ilizaa tachidauni na bendi ikapiga.

Takwimu za gazetini zitazame kwa jicho la kando. Katika vyuo, yadi anazopoteza kwotabeki anapoangushwa na mpira mkononi hukatwa kwenye hesabu ya mbio zake, kwa hiyo unaweza kusoma "yadi 10 za mbio" kumbe alikimbia 50 na kuangushwa vibaya mara kadhaa. Yadi za pasi nazo zinalevya. Patrick Mahomes, akiwa kwotabeki wa Texas Tech, alirusha yadi 734 dhidi ya Oklahoma mwaka 2016, na Texas Tech ikafungwa 66-59. Alicheza vizuri sana, ila namba ile inakueleza zaidi kuhusu walinzi wa pande zote mbili.

Mazoezi ya nyuma ya nyumba

Usomaji unafunzwa bila uwanja. Ndugu yake awe mkimbiaji, wewe mzazi uwe endi. Kijana anaweka mpira tumboni, wewe ama unaingia ndani ama unabaki, na usimpe dalili ya macho. Fanyeni dakika chache tu, lakini kila siku, na badilisha mpangilio asije akakukariri. Akizoea, muongeze mtu wa pili anayetoka nyuma yako kama yule lainibeka wa mtego.

Kwa pasi, mwambie arushe kwa mtu anayetembea kwanza, kisha anayekimbia taratibu, akilenga bega la mbele. Umbali uwe yadi 5 hadi 10. Hizo za yadi 50 atazirusha mwenyewe mkiwa mmelala.

Na mkiwa mnatazama mechi, simamisha picha kabla ya mpira kutoka na umuulize: wangapi kwenye boksi, sefti ni mmoja au wawili, wewe ungeupeleka wapi? Mpe sekunde tatu, kisha ruhusu picha iendelee.

Siku kocha wa chuo akija nyumbani, mpe chai, sikiliza sifa za jengo lao jipya la mazoezi, kisha muulize swali moja: katika mfumo wenu, walinzi wakibadilika dakika ya mwisho, anayebadilisha mchezo ni kwotabeki au wote wanageuka kutazama benchi? Majibu yote mawili yana timu zinazoshinda. Lakini kijana anayependa kuhesabu mwenyewe atakonda kwenye timu ya pili, na asiyependa atazidiwa kwenye ya kwanza, na wewe ndiye unayejua wako ni yupi.